Walter Bell: Mwindaji wa Karamoja aliyeweka uhai wake kwenye risasi ndogo

Anayetoka makutano ya Nakawa, mjini Kampala, na kufuata barabara iteremkayo kuelekea Ziwa Victoria hupita Luzira na hatimaye kufika Port Bell. Bandari hiyo ilipewa jina la Sir Henry Hesketh Bell, gavana wa kwanza wa Uganda, na jina hilo limeenea zaidi kupitia bia inayotengenezwa huko huko Luzira.

Lakini katika miaka hiyo ya mwanzo wa karne ya 20 palikuwapo Bell mwingine nchini Uganda. Huyu hakuwa na cheo wala ofisi, na hakuna bandari iliyopewa jina lake. Badala yake, yeye ndiye aliyepewa jina la nchi: Waingereza walimwita Karamojo Bell, kutokana na Karamoja, eneo la kaskazini mashariki mwa Uganda alikojipatia mali na sifa.

Walter Dalrymple Maitland Bell aliua ndovu 1,011 katika maisha yake. Hesabu hiyo inashtua masikio ya leo. Watu wa zama zake walistaajabishwa na jambo jingine: wengi wa ndovu hao, takriban 800, aliwaua kwa risasi ambayo wawindaji wenzake waliiona kuwa ndogo mno hata kwa mnyama wa robo ya ukubwa huo.

Yatima aliyekimbilia baharini

Bell alizaliwa mwaka 1880 karibu na Edinburgh, Scotland, katika familia iliyojiweza. Wazazi wake walifariki akiwa bado mtoto, akalelewa na ndugu zake wakubwa. Shule hazikumweza. Akiwa na umri wa miaka 13 alikimbilia baharini, na kabla hajafikisha miaka 20 alikuwa amekwisha kutia mguu Afrika Mashariki.

Huko alipata kazi katika ujenzi wa reli ya Uganda, ile iliyoanzia Mombasa. Simba walikuwa wakiwavamia vibarua, na kijana huyo aliajiriwa kuwalinda kwa bunduki. Silaha aliyokuwa nayo ilipakia risasi moja tu kwa wakati mmoja, na katika joto kali ganda lililokwisha kutumika lilikuwa likikwama ndani ya mtutu. Mbele ya simba, kasoro ya namna hiyo si jambo dogo. Somo hilo hakulisahau: bunduki ni nusu tu ya silaha, na nusu ya pili ni risasi.

Kutoka hapo alivuka hadi Yukon, kaskazini mwa Canada, wakati wa msako wa dhahabu wa Klondike. Aliwinda nyama ya kuwauzia wachimbaji wa Dawson City, mpaka mshirika wake alipotoroka na mapato. Vita vya Makaburu vilipozuka alijiunga na kikosi cha Canada ili apate njia ya kurudi Afrika. Alitekwa, akatoroka, kisha akatumika kama mpelelezi wa jeshi. Vita vilipokwisha mwaka 1902 alirejea Afrika Mashariki, safari hii akiwa na shabaha moja: pembe za ndovu.

Kutoka Mumias hadi Karamoja

Kituo chake cha kuanzia kilikuwa Mumias, makao ya Nabongo Mumia wa Wawanga, ambayo leo ni sehemu ya magharibi mwa Kenya. Hapo ndipo misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilipokusanyika kabla ya kwenda kaskazini kutafuta pembe. Bell alisikia kwao habari za Karamoja, nchi kavu yenye wafugaji hodari wa mikuki, ambako utawala wa Uingereza ulikuwa bado haujafika na sheria za uwindaji hazikuwa na wa kuzisimamia.

Alikwenda na wapagazi, punda na ng'ombe. Aliwaachia wenyeji nyama ya ndovu aliowaua, na aliwalipa ng'ombe waliomletea habari za makundi yenye madume makubwa. Kwa jamii ambayo utajiri wake wote hupimwa kwa mifugo, malipo hayo yalikuwa na uzito kuliko shanga au nguo. Mkaramojong mmoja, ambaye Bell anamtaja kwa jina la Pyjalé, akawa msoma nyayo na mwandani wake wa miaka mingi porini.

Swali la risasi

Siku hizo, mwindaji wa ndovu kutoka Ulaya alitarajiwa kubeba bunduki nzito ya mitutu miwili. Risasi ya .450, iliyoingia sokoni mwaka 1898, ilirusha kichwa cha gramu 31. Bunduki yake ilikaribia kilo tano, na kila mlio ulimsukuma mpigaji begani kwa nguvu. Imani iliyotawala ilikuwa nyepesi kueleweka: mnyama mkubwa huangushwa kwa risasi kubwa.

Bell aliijaribu njia hiyo, lakini hakuridhika nayo. Chaguo lake likawa bunduki ya Mauser yenye kipenyo cha milimita 7, iliyouzwa na kampuni ya John Rigby ya London kwa jina la .275. Kichwa cha risasi yake kilikuwa na gramu 11 na kidogo, karibu theluthi moja ya kile cha .450.

Siri ilikuwa katika umbo na gamba. Risasi ya kawaida ya kuwindia huachwa na ncha laini ya madini ya risasi, ili ikigonga mwili ipanuke kama uyoga na kuleta jeraha pana. Kwa swala hilo linafaa. Kwa fuvu la ndovu, risasi ya namna hiyo hupondeka na kusimama kabla haijafika popote. Bell alichagua risasi ya kijeshi: ndefu, nyembamba, yenye ncha ya mviringo, iliyofunikwa kuanzia nchani kwa gamba gumu la chuma lililopakwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Haikupanuka wala haikupinda. Ilipenya ikiwa imenyooka.

Kupenya peke yake hakutoshi kama mpigaji hajui pa kulenga. Bell aliagiza fuvu la ndovu likatwe kwa msumeno ili aone ndani. Sehemu kubwa ya kichwa kile ni mfupa wenye matundu mfano wa sega la nyuki, na ubongo umekaa chini na nyuma, kati ya masikio. Alijizoeza kuufikia kutoka kila upande, hata kutoka nyuma kwa mshazari kupitia misuli ya shingo. Pigo hilo la mwisho limebaki na jina lake hadi leo miongoni mwa wawindaji.

Hivyo hoja yake haikuwa kwamba risasi ndogo ina nguvu kuliko kubwa. Alishikilia kwamba risasi yoyote isiyofika ubongoni haina faida, na kwamba mtu hulenga vizuri zaidi kwa bunduki nyepesi isiyomtisha. Bunduki isiyo na kishindo kikubwa pia haikulitawanya kundi lote.

Alikuwa mkali vilevile kuhusu ubora wa risasi zenyewe. Aliipenda bunduki ya Mannlicher-Schönauer ya milimita 6.5, lakini aliiacha kwa sababu risasi alizopata zilikuwa na kasoro. Risasi za milimita 7 zilizotengenezwa Ujerumani hazikumwangusha, na ndizo alizobaki nazo.

Swali hilo la gamba bado lipo. Katika nchi zinazoruhusu raia kujaza upya maganda ya risasi za bastola kwa ajili ya mashindano ya shabaha, wengi huchagua vichwa vya madini ya risasi vilivyopakwa utando wa shaba kwa njia ya umeme. Ni rahisi kuliko vile vya gamba nene na havichafui mtutu kama madini matupu. Lakini utando huo ni mwembamba. Ganda likibanwa mno mdomoni, au kichwa kikisukumwa kwa kasi kupita kiasi, utando huchanika na shabaha hupotea. Kinachofaa kutoboa karatasi hakifai kwa mfupa. Bell angeuelewa mjadala huo mara moja.

Wengine waliomwiga bila ujuzi wake walijitia hatarini. Baadaye sheria za uwindaji katika nchi kadhaa za Afrika zilikataza kabisa matumizi ya risasi ndogo kama zake dhidi ya ndovu, nyati na wanyama wengine hatari.

Utajiri na gharama yake

Baada ya Karamoja, Bell alihamia Lado, ng'ambo ya Mto Nile, eneo lililokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wakati mmoja, katika siku moja tu ya uwindaji, aliua ndovu tisa ambao pembe zao zilimpatia zaidi ya pauni 800, fedha ambazo mfanyakazi wa kawaida nchini Uingereza hangezipata kwa miaka kadhaa. Aliwinda pia Liberia na katika makoloni ya Ufaransa ya Afrika ya Kati.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alijifunza urubani, akaruka katika anga la Tanganyika na baadaye katika eneo la Balkani, na akatunukiwa nishani ya Military Cross. Mwishowe alirudi Scotland, akaoa, akajenga mashua ya mashindano, akaandika vitabu na kuchora picha za safari zake. Alifariki mwaka 1954.

Vitabu vyake vinasimulia uhodari, na uhodari ulikuwapo. Lakini havikuweza kusimulia yaliyofuata. Pembe zilizotoka Karamoja ziliishia kuwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani. Bell hakuwa peke yake: misafara ya Waswahili na ya Wahabeshi ilikuwa ikishindania pembe zile zile, na mingine ililipa kwa bunduki. Utawala wa Uingereza ulipoingia Karamoja kijeshi takriban mwaka 1911, wafanyabiashara walifukuzwa, lakini madume yenye pembe kubwa yalikuwa yamekwisha kupungua sana. Bunduki zenyewe hazikuisha. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na hadi leo serikali ingali inahangaika kuwanyang'anya wafugaji silaha.

Hifadhi ya Kidepo, iliyotangazwa mwaka 1962 katika pembe ya kaskazini ya Karamoja, sasa ni mojawapo ya sehemu chache za eneo hilo ambako makundi ya ndovu huonekana. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989. Watalii hupanda ndege Entebbe kwenda kuwatazama wanyama ambao Bell aliwafuata kwa miguu.

Ujuzi aliouacha ni wa kweli: ajue mtu chombo chake, ajue mwili anaoulenga, na asidanganywe na ukubwa. Ila ujuzi huo haukumwambia ni wakati gani wa kuacha. Kwa ndovu 1,011, swali hilo ndilo lililokuwa na uzito kuliko la risasi.