Samuel Bourne: Mpigapicha wa Calcutta

Samuel Bourne alizaliwa nchini Uingereza mwaka wa 1834. Alikuwa karani wa benki mjini Nottingham kabla ya kuiacha kalamu na kushika kamera. Mwaka wa 1863 aliwasili Calcutta, katika jimbo la Bengal, mji uliokuwa makao makuu ya utawala wa Waingereza nchini India. Baadaye, yeye na Charles Shepherd waliasisi kampuni ya Bourne & Shepherd, iliyofungua studio mjini humo.

Kazi yenyewe haikuwa lelemama. Bamba la kioo lilipakwa dawa, likatiwa kwenye kamera lingali bichi, kisha likasafishwa kabla halijakauka. Hivyo basi, hema la giza, vioo na chupa za dawa viliandamana naye safarini, vikibebwa na wapagazi.

Aidha, kioo kilihitaji muda kunasa mwanga. Jumba la Gavana Mkuu lilitulia, likatokea bayana pamoja na nguzo zake. Mpita njia aliyeendelea kutembea aliacha ukungu tu, au hakuacha chochote. Ndiposa barabara zilizojaa watu huonekana mahame katika picha za enzi hizo.

Bourne aliondoka India mwaka wa 1870, akiwa amepiga picha zaidi ya 2,000, akafariki mjini Nottingham mwaka wa 1912. Moto wa mwaka wa 1991 uliteketeza sehemu kubwa ya hazina ya studio yake, nayo ikafungwa mwaka wa 2016. Picha zilizosalia zatufunza kuisoma kumbukumbu yoyote mara mbili: kwanza kwa yaliyomo, pili kwa waliokosekana.