Karamojo Bell: Mwindaji aliyefuata pembe za ndovu hadi Lado, na bunduki iliyompa jina

ARUA, Uganda - Barabara ya lami ya Vurra-Arua-Koboko-Oraba ina urefu wa kilomita 92 tu, lakini inaunganisha mipaka miwili. Vurra kuna njia ya Kongo, na Oraba kuna njia ya Sudan Kusini. Zaidi ya miaka 100 iliyopita eneo hili lote lilikuwa nje ya Uganda. Liliitwa Lado, na bidhaa iliyolifanya lijulikane Ulaya ilikuwa pembe za ndovu.

Miongoni mwa waliokuja kuifuata bidhaa hiyo, anayekumbukwa zaidi ni Walter Dalrymple Maitland Bell, maarufu kwa jina la Karamojo Bell. Maisha yake ni ya mtu aliyeuchukulia uwindaji kama biashara, akaandika hesabu ya kila risasi.

Yatima aliyekimbilia bahari

Bell alizaliwa Scotland mwaka 1880. Alipoteza mama akiwa mtoto mdogo na baba kabla ya kufika miaka saba, akalelewa na kaka zake. Akiwa na umri wa miaka 13 alipelekwa kufanya kazi melini.

Alishuka Mombasa, akapata kazi ya kuwinda simba waliokuwa wakiwasumbua wajenzi wa reli ya Uganda. Baadaye alikwenda Kanada wakati wa msukumo wa dhahabu ya Klondike, akauza nyama ya wanyama kwa wachimbaji. Vita vya Makaburu vilimpeleka Afrika Kusini akiwa katika kikosi cha Kanada, na mwaka 1902 alirejea Afrika Mashariki.

Kituo chake cha kuandalia safari kilikuwa Mumias, magharibi mwa Kenya ya leo. Hapo misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilikuwa imezoea kwenda Karamoja kwa ajili ya pembe. Bell alifuata njia hiyo hiyo, na Karamoja ndiko alikopata jina lake. Alitangaza zawadi ya ng'ombe kwa yeyote atakayemletea habari za kweli za madume ya tembo, na Mkaramojong aliyeitwa Pyjalé akawa mfuatiliaji nyayo wake mkuu. Kwa lugha ya leo, alinunua taarifa za soko kabla ya kutuma mzigo.

Bunduki ya familia mbili

Wawindaji wengi wa wakati huo walitegemea bunduki nzito za mitutu miwili, zenye risasi ya zaidi ya gramu 30. Bell alitumia aina kadhaa za bunduki, lakini iliyomwangushia tembo wengi ilikuwa nyepesi: .275 ya Rigby, yenye risasi ya gramu 11 hivi.

Bunduki hiyo ilikuwa kazi ya familia mbili. Rigby ni duka lililoanzishwa Dublin, Ireland, na John Rigby. Kampuni yenyewe huhesabu umri wake kuanzia mwaka 1775. Mwanawe William aliliendesha baada yake, kisha mjukuu, John Rigby mwingine, akalishika mwaka 1858 na kufungua duka London mwaka 1865. Mjukuu huyo alisimamia pia kiwanda cha silaha cha serikali ya Uingereza kule Enfield kuanzia 1887 hadi 1894.

Familia ya pili ni Mauser wa Oberndorf, Ujerumani. Ndugu Wilhelm na Paul Mauser walijifunza ufundi kutoka kwa baba yao, ambaye alikuwa fundi bunduki. Mwishoni mwa karne ya 19 Rigby alipata haki ya kuuza mitambo ya Mauser nchini Uingereza. Alichukua chuma cha Oberndorf, akakimalizia London na kugonga jina lake juu yake.

Bell aliipenda kwa sababu za hesabu. Ilikuwa nyepesi kwa mtu anayetembea siku nzima, risasi zake zilikuwa bei nafuu na za kuaminika, na mlio wake haukuwatawanya tembo kama mizinga ya wengine. Ili risasi ndogo itoshe, alipasua fuvu la tembo kwa msumeno na kujifunza ubongo unakaa wapi hasa. Alikadiria kwamba kwa kila dume aliloliua alitembea wastani wa maili 73, sawa na kilomita 117. Kuna siku alipata tembo tisa, na pembe zao zikamwingizia zaidi ya pauni 800.

Waliomwiga bila ujuzi wake waliwajeruhi wanyama na kuuawa wao wenyewe. Ndiyo sababu nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji ziliweka kipenyo cha chini kwa tembo kuwa .375.

Kibali cha pauni 20

Mwaka 1894 Uingereza ilimkodishia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji eneo la Lado, na makubaliano ya 1906 yakaamua kwamba lirudishwe miezi sita baada ya kifo chake. Bell aliingia mfalme akiwa bado hai. Alishuka kituo cha Lado na kueleza shida yake. Akaambiwa kwamba kibali cha uwindaji mkubwa hutolewa na gavana aliyekaa Boma, mdomoni mwa Mto Kongo. Bei yake ilikuwa pauni 20 kwa miezi mitano, bila kikomo cha idadi. Bell alilipa.

Leopold alifariki Desemba 17, 1909. Habari zilipoenea, wawindaji wengi walivuka Mto Nile kutoka upande wa Uganda bila kibali, wakijua Wabelgiji wanafungasha na Waingereza hawajafika. Januari 1910 alifika pia Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, kuwinda vifaru weupe. Kambi yake ndiyo iliyoacha jina la Rhino Camp, mashariki mwa Arua.

Mlango huo ulifungwa Juni 1910, Lado ilipokabidhiwa kwa Sudan. Mwaka 1914 sehemu ya kusini, zikiwemo Arua na Koboko za leo, ilihamishiwa Uganda. Mwaka huo huo ofisa A. E. Weatherhead aliifanya Arua makao makuu ya wilaya.

Kilichobaki

Bell alikuwa rubani katika Vita Kuu ya Kwanza na kutunukiwa nishani. Baada ya vita aliwinda tena Afrika ya Kati, kisha akarudi Scotland na kununua shamba la Corriemoillie. Yeye na mkewe Kate waliagiza kuundwa kwa mashua ya mashindano iitwayo Trenchemer. Alifariki Juni 1954, akiwa ameacha hesabu ya tembo zaidi ya 1,000.

Jina la Rigby bado lipo London. Familia haimiliki tena kampuni, na mwaka 2013 ilinunuliwa na kundi linalomiliki pia Mauser. Bunduki zake bado zinauzwa kwa bei kubwa, na jina la Bell ni sehemu ya bei hiyo.

West Nile mambo yalikwenda kinyume. Vifaru weupe wa Ajai walikwisha kufikia miaka ya mwanzo ya 1980, na mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Bidhaa ghafi iliondoka, na kibali cha pauni 20 ndicho kilichokuwa gharama yake rasmi.

Ufundi wa chuma haukuwa mgeni huku. Wahunzi wa Ndo, waitwao pia Okebu, walirithishana kazi ya kuyeyusha chuma na kuwatengenezea majirani zao Walugbara majembe na mikuki. Walichokosa ni duka lenye jina na soko linalolipia jina hilo.

Kwa wanaopakia malori Arua na Koboko leo, hesabu ya Bell inasomeka kwa urahisi. Faida ya mpaka usio na mwenyewe ilidumu takriban miezi sita. Faida ya jina la fundi imedumu zaidi ya miaka 200.