George Halas: Mzee wa Chicago aliyeifungulia futiboli ya Kimarekani njia ya hewani

JIJI la Chicago lilikuwa limegandishwa na baridi kali mnamo Desemba 1932, na theluji ilikuwa imeufunika uga wa Wrigley Field hata isiwezekane kuchezea hapo mchuano wa kuamua bingwa wa futiboli ya Kimarekani. Mmiliki wa klabu ya Chicago Bears, George Stanley Halas, alikuwa na madeni shingoni na tiketi za kuuza. Akaamua kuupeleka mchuano huo ndani ya nyumba, katika ukumbi wa Chicago Stadium uliozoea ndondi na magongo ya barafuni.

Siku chache kabla ya hapo ukumbi huo ulikuwa umetumiwa na watu wa sarakasi, na sakafu ingali imetandazwa udongo wenye harufu ya samadi ya wanyama. Uwanja uliochorwa humo ulikuwa mfupi kuliko ule wa kawaida, na kuta zilikuwa karibu mno na mistari ya pembeni. Mashabiki zaidi ya 11,000 walifika usiku huo wa Desemba 18 kuwatazama Bears wakimenyana na Portsmouth Spartans kutoka jimbo la Ohio.

Hadi robo ya mwisho hakuna aliyekuwa amepata alama. Hapo ndipo Bronko Nagurski, pande la mtu aliyesifika kwa kuwapasua walinzi kwa mabega, alipopokea mpira yadi mbili tu kutoka mstari wa goli. Kila mtu alitarajia ajitose kichwa mbele. Badala yake alisita, akarudi nyuma hatua chache na kuurusha mpira kwa Red Grange, aliyekuwa peke yake ndani ya eneo la kufungia. Bears wakashinda 9-0. Kocha wa Spartans, Potsy Clark, alilalamika vikali kwamba Nagurski hakuwa amerudi nyuma yadi tano kama sheria ilivyotaka. Malalamiko yake hayakumsaidia kitu.

Msomaji aliyezoea raga atauelewa mzozo huo kwa urahisi. Michezo hii miwili ni jamaa, lakini katika raga ni marufuku kabisa kuurusha mpira mbele. Wamarekani waliiruhusu pasi ya mbele mwaka 1906 katika vyuo vyao, baada ya wachezaji kadhaa kupoteza maisha katika msongamano wa miili, lakini waliiruhusu kwa shingo upande. Mwanzoni, pasi iliyoanguka chini bila kuguswa na yeyote iliwapa wapinzani mpira. Miaka mingi baadaye bado mrushaji alitakiwa asimame angalau yadi tano nyuma ya mstari wa kuanzia shambulizi. Kwa hivyo walinzi walijua mapema: mtu akirudi nyuma sana, anarusha; asiporudi, anakimbia.

Februari 1933 wamiliki wa klabu za ligi ya NFL walikutana na kuivunja kanuni hiyo. Tangu siku hiyo mchezaji aliruhusiwa kurusha akiwa popote nyuma ya mstari. Aliyeshikilia bango zaidi alikuwa George Preston Marshall, mmiliki wa klabu ya Boston iliyohamia Washington baadaye, na Halas alisimama naye bega kwa bega. Haikuwa falsafa iliyowasukuma. Marekani ilikuwa katika mdororo mbaya wa uchumi, viti vilibaki vitupu, na mechi nyingi ziliisha sare ya bila kwa bila. Walihitaji alama nyingi ili wapate watazamaji. Hadi wakati huo ligi ilikuwa ikifuata sheria za vyuo kama mtoto anayefuata nyayo za mzazi. Mwaka huo ndipo ilipoanza kujitungia zake.

Halas alizaliwa Chicago mnamo Februari 2, 1895, katika familia ya wahamiaji kutoka Pilsen, Bohemia, eneo ambalo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Czech. Babake alikuwa fundi wa cherehani. Mnamo Julai 24, 1915, kijana huyo alitarajiwa kupanda meli ya Eastland pamoja na wafanyakazi wenzake wa kampuni ya Western Electric kwa ajili ya matembezi, akachelewa. Meli ilipinduka kando ya gati katika mto wa Chicago na watu zaidi ya 800 wakaangamia.

Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Illinois, akajiunga na jeshi la majini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha mwaka 1919 akaichezea New York Yankees mechi 12 za besiboli kabla ya jeraha la nyonga kumwondoa. Wapo wanaosimulia kwamba nafasi yake ilichukuliwa na Babe Ruth. Hiyo ni chumvi tu, maana Ruth alifika mwaka uliofuata na kumkuta mtu mwingine mahali hapo.

Mwaka 1920 alikwenda Decatur, Illinois, kuajiriwa na kiwanda cha wanga cha A. E. Staley, ambako kazi yake ilikuwa kuunda timu ya kampuni. Septemba 17 mwaka huo alikuwa miongoni mwa wanaume waliokutana katika duka la magari la Ralph Hay mjini Canton, Ohio. Viti havikutosha na baadhi yao waliketi kwenye vikanyagio vya magari yaliyokuwa yakiuzwa. Humo ndimo ilimozaliwa ligi ambayo tangu 1922 inaitwa NFL. Mwaka 1921 Staley alimwachia Halas timu pamoja na dola 5,000, kwa sharti kwamba jina la kiwanda lidumishwe msimu mmoja zaidi. Halas akaihamishia Chicago. Alicheza, alifundisha, aliuza tiketi na kuwabembeleza wahariri wa magazeti waandike japo mistari miwili kuihusu. Mshirika wake, Dutch Sternaman, alimuuzia hisa zake mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa dola 38,000, na Halas alikopa huku na huku ili asinyang'anywe klabu.

Matunda ya sheria mpya yalionekana mapema. Katika fainali ya Desemba 1933 dhidi ya New York Giants, Nagurski yuleyule alijifanya anashambulia kwa mabega, akarusha kwa Bill Hewitt, naye Hewitt akampasia Bill Karr aliyekwenda kufunga. Bears walishinda 23-21. Kabla ya Februari mwaka huo mwamuzi angeweza kuifuta pasi ya namna hiyo. Mpira wenyewe pia ulipunguzwa unene katika miaka hiyo, ukawa mwembamba na wenye ncha, rahisi kushikwa kwa mkono mmoja. Wakaao kwenye viti hawakuliona sana badiliko hilo, lakini vidole vya warushaji vililijua.

Hata hivyo, sheria peke yake haichezi. Ilihitaji mpango na mtu. Mpango ulikuwa ule ulioitwa wa T, ambao kocha Ralph Jones alikuwa ameunoa alipomshikia Halas nafasi kati ya 1930 na 1932, na ambao Clark Shaughnessy aliuongezea ujanja baadaye. Katika mpango huo kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, husimama moja kwa moja nyuma ya anayeuanzisha mpira, akaupokea mkononi, akawageuzia walinzi mgongo na kuwaficha anachokusudia. Mtu alikuwa Sid Luckman, kijana Myahudi kutoka Brooklyn aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Columbia, ambaye Halas alimsajili mwaka 1939 baada ya kumshawishi nyumbani kwake.

Desemba 8, 1940, Bears waliikung'uta Washington 73-0 katika fainali. Ukweli ni kwamba siku hiyo waliwamaliza wapinzani kwa mbio zaidi kuliko pasi, na pasi nane za Washington zilinaswa. Lakini klabu nyingine ziliona jinsi kwotabeki alivyowapoteza walinzi, nazo zikauiga mpango wa T moja baada ya nyingine. Luckman naye alirusha pasi saba za kufunga katika mechi moja dhidi ya Giants mnamo Novemba 14, 1943, na kufikisha 28 katika msimu wa mechi kumi pekee. Halas hakuwapo. Alikuwa amerudi katika jeshi la majini, akihudumu katika bahari ya Pasifiki hadi vita vilipokaribia kwisha.

Kuna upande wa maisha yake ambao masimulizi ya sifa huupita haraka. Kuanzia 1934 hadi 1945 hakuna mchezaji mweusi hata mmoja aliyecheza NFL. Halas alikana daima kwamba wamiliki walikuwa na makubaliano, lakini miaka kumi na miwili bila mtu hata mmoja haitokei kwa bahati. Marshall, mshirika wake wa 1933, alishikilia ubaguzi huo wazi hadi 1962. Halas alibadilika mapema zaidi. Mnamo Oktoba 18, 1953, katika mechi dhidi ya San Francisco, alimwondoa George Blanda na kumwingiza Willie Thrower, kijana mweusi kutoka chuo cha Michigan State. Hakuna kwotabeki mweusi aliyekuwa amecheza katika ligi hiyo tangu marufuku hayo yalegezwe. Thrower alikamilisha pasi tatu kati ya nane kwa yadi 27, akaipeleka timu karibu na goli, kisha Halas akamrudisha Blanda kumalizia kazi. Msimu ulipokwisha Thrower aliachwa. Iliwachukua Wamarekani hadi Januari 1988 kumwona kwotabeki mweusi, Doug Williams, akishinda fainali ya Super Bowl, tena akivalia jezi ya Washington, klabu iliyokuwa ya Marshall.

Na hapo ndipo fumbo la Halas linapojitokeza. Aliifungua njia ya hewani, lakini mwenyewe hakuipenda sana baada ya Luckman. Alikuwa bahili, na alipenda timu ya walinzi wakali. Bobby Layne alikuwa mikononi mwake mwaka 1948. Akamuuza, na Layne akaenda kuipa Detroit Lions ubingwa mwaka 1952 na 1953. Lions hao ndio waliokuwa Portsmouth Spartans walioonewa na pasi ya Nagurski, wakahamia Detroit mwaka 1934. Blanda alichoka kufanywa mpigaji mpira kwa mguu tu, akaondoka, na huko Houston mwaka 1961 alirusha pasi 36 za kufunga. Ubingwa wa mwisho wa Halas, mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 68, ulitokana na walinzi wake kunasa pasi tano za Y. A. Tittle wa Giants, aliyekuwa mrushaji hodari kuliko wote msimu huo. Bears walishinda 14-10.

Aliacha ukocha mwaka 1968 akiwa na ushindi 324, rekodi iliyodumu hadi Don Shula alipoipita mwaka 1993. Hakuuacha mchezo. Alikuwa rais wa moja ya makundi mawili ya ligi, naye akashuhudia walinzi wakiishinda tena hewa. Walikuwa wakiwapiga kumbo na kuwaangusha wapokeaji njiani kabla mpira haujafika, na mwaka 1977 wastani wa alama ulishuka hadi takriban 17 kwa kila timu katika mechi moja, kiwango cha chini kuliko chote tangu wakati wa vita.

Dawa ilikuwa ileile ya 1933. Kuanzia 1978 walinzi walikatazwa kumgusa mpokeaji akishapita yadi tano kutoka mstari, na wazuiaji wanaomkinga kwotabeki wakaruhusiwa kunyoosha mikono na kufungua viganja. Sheria ya kwanza ilipachikwa jina la Mel Blount, mlinzi wa Pittsburgh aliyewatesa wapokeaji kuliko wengine. Athari yake haikukawia. Mwaka 1984 Dan Marino wa Miami alirusha yadi 5,084 na pasi 48 za kufunga. Waamuzi waliagizwa kuisimamia kwa ukali zaidi mwaka 2004, na mwaka huo Peyton Manning akafikisha pasi 49; mwaka 2013 akarusha yadi 5,477. Walinzi wa zamani hulalamika kwamba kazi yao imefanywa uhalifu, na wana hoja, ingawa wapokeaji waliovunjwa mbavu katika miaka ya 1970 nao wangekuwa na la kusema.

Halas hakumwona Marino akiivunja rekodi. Alifariki dunia Chicago mnamo Oktoba 31, 1983, akiwa na umri wa miaka 88. Mwanawe wa kiume alikuwa ametangulia mwaka 1979, kwa hivyo klabu ikamwangukia bintiye, Virginia McCaskey. Rekodi ya Luckman ya pasi 28 za kufunga katika msimu mmoja ilibaki kileleni pale Bears hadi 1995, na hadi msimu wa 2024 ulipokwisha hiyo ndiyo iliyokuwa klabu pekee ya NFL ambayo haijawahi kuwa na kwotabeki wa yadi 4,000 kwa msimu.

Virginia alifariki Februari 2025 akiwa na miaka 102. Alikuwa na umri wa miaka tisa usiku ule wa baridi wa 1932, na alikuwa ameketi ndani ya ukumbi Nagurski aliporudi nyuma hatua chache na kurusha.