Semei Kakungulu: Mtoza kodi wa Mbale na Jinja aliyekosa ufalme

Aliuanzisha mji wa Mbale, akaliongoza baraza la Busoga mjini Jinja, kisha akaiacha serikali aliyoitumikia na kuanzisha jumuiya ya Kiyahudi mashariki mwa Uganda. Maisha ya Semei Kakungulu, aliyefariki mwaka 1928, yanaonesha jinsi kodi moja ilivyoweza kuleta matokeo tofauti kabisa katika nchi jirani zilizotawaliwa na dola moja.

Mwanzoni mwa karne ya 20, msafiri aliyetoka Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, kuelekea Mlima Elgon alizipita nchi tatu. Alianza na Buganda yenyewe, akavuka Mto Nile na kuingia Busoga, kisha akafika katika eneo lililoitwa Bukedi. Zote zilikuwa ndani ya himaya ya Uingereza, na katika zote ulienezwa utaratibu wa kodi ya kibanda: rupia 3 kwa mwaka, sawa na shilingi 4 za Kiingereza. Kakungulu alikuwa miongoni mwa watu wachache waliofanya kazi ya utawala katika nchi zote tatu.

Alizaliwa takriban mwaka 1869, na asili yake inahusishwa na Kooki, kusini magharibi mwa Buganda. Akiwa kijana aliingia katika utumishi wa Kabaka Mwanga, akajulikana kwa uwindaji wa tembo, akabatizwa katika Uprotestanti na kupigana katika vita vya dini vilivyoitikisa Buganda kuanzia mwaka 1888. Ushujaa wake ulimpatia uchifu wa Bugerere, lakini pia ulimjengea uhasama na Apolo Kagwa, Katikkiro wa Buganda, ambaye hakupenda kuwa na mpinzani mwenye jeshi lake mwenyewe. Mwezi Aprili 1899 Kakungulu alikuwa katika msafara uliowakamata Mwanga na Kabalega wa Bunyoro, wafalme wawili waliokuwa wakiupinga utawala wa Waingereza. Baada ya ushindi huo aliuelekeza uso wake mashariki, mbali na Mengo na mbali na Kagwa.

Mkataba uliowafaa wachache

Tarehe 10 Machi 1900, kamishna maalumu Harry Johnston alitia saini mkataba na machifu wa Buganda. Kodi ya kibanda ilikubaliwa, pamoja na kodi ya bunduki ya kiwango hicho hicho. Hata hivyo, wakubwa wa Buganda hawakuikubali bure. Machifu wa masaza walipangiwa mishahara ya kila mwaka, Lukiiko ikatambuliwa rasmi kuwa baraza la nchi, na zaidi ya maili za mraba 8,000 za ardhi zikatengwa kwa ajili ya familia ya Kabaka, machifu na watu wengine mashuhuri. Kilikuwapo pia kipengele ambacho huenda kilikuwa na thamani kuliko fedha: Waganda wasingetozwa kodi nyingine ya ndani bila ridhaa ya Kabaka, naye Kabaka alipaswa kufuata kauli ya walio wengi katika baraza lake. Mkulima wa kawaida hakuulizwa, na wengi walijikuta wapangaji katika ardhi waliyoilima kwa miaka mingi. Lakini nchi kwa jumla ilikuwa na mahali pa kusema hapana.

Busoga haikupata mkataba wa namna hiyo, wala Bukedi. Huko kodi ilifika kwa amri tu. Sarafu zilikuwa adimu, hivyo wengi walilipa kwa mifugo, kwa mazao au kwa kufanya kazi za serikali. Kwa kuwa kilichohesabiwa kilikuwa kibanda, familia zilibanana katika paa chache ili kupunguza mzigo, jambo lililowafanya watawala wageukie kodi ya kichwa kwa wanaume. Ng'ambo ya pili ya Elgon mambo yalikuwa tofauti tena. Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo leo ni Kenya, na mlima ukawa mpakani mwa himaya mbili zenye viwango viwili vya kodi. Kile cha upande wa mashariki kilikuwa cha chini zaidi hapo mwanzo.

Mbale, mji wa mtu mmoja

Kwa serikali isiyo na fedha za kutosha, na iliyotegemea ruzuku kutoka London, Kakungulu alikuwa neema. Aliingia Bukedi na wafuasi wake wa Kiganda, akajenga ngome, akaweka mawakala, akaipanua himaya bila serikali kulipa gharama za vita. Gharama hizo zililipwa na wenyeji. Jeshi lisilo na mshahara huishi kwa kutegemea nchi linayoiteka, na ng'ombe wengi walichukuliwa hata kabla ya kodi rasmi kuanzishwa. Kakungulu mwenyewe aliamini kwamba Johnston alikuwa amemkubali kuwa Kabaka wa Bukedi. Waingereza hawakuwahi kulithibitisha dai hilo.

Malalamiko yalipozidi, mwaka 1902 aliondolewa katika makao yake ya Budaka na kupewa maili za mraba 20 za ardhi karibu na Elgon. Mahali pengine hiyo ingekuwa adhabu. Yeye aliigeuza kuwa mji. Barabara zilichongwa, miti ikapandwa kando yake, migomba ikastawi, na wafanyabiashara Wahindi, Waarabu na Waswahili wakavutiwa na soko jipya la Mbale. Serikali iliuona ustawi huo, nayo ikahamishia ofisi zake huko. Ni vigumu kusema kwamba wenyeji, ambao wengi wao walikuwa Wagisu, hawakupata kitu kutokana na kodi na jasho lao, maana barabara zilikuwapo na soko lilikuwapo. Lakini aliyeamua barabara ipite wapi, na nani ailime, alikuwa Mganda mgeni, na juu yake alikuwapo afisa wa Kiingereza. Lukiiko ya kuwasemea mbele ya wawili hao haikuwapo.

Jinja: kodi wakati wa njaa

Mwaka 1906 Kakungulu alipelekwa Busoga kuwa rais wa baraza la machifu, makao yakiwa Jinja, pale Nile inapotoka ziwani. Nchi aliyoikuta ilikuwa imejeruhiwa. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeua watu wengi mno katika Busoga na kando ya ziwa, na serikali ilikuwa ikiwahamisha wakazi kutoka ufukweni. Mwaka 1908 ikaja njaa kali. Katikati ya misiba hiyo kazi ya Kakungulu ilikuwa kupanga utawala kwa mtindo wa Buganda, ukiwa na ngazi za machifu kutoka juu hadi kijijini, na ngazi hizo ndizo zilizokusanya kodi.

Pamba ndiyo iliyokuwa njia ya kuipata fedha ya kodi. Mwaka 1912 ilifunguliwa reli kutoka Jinja hadi Namasagali, mradi mkubwa uliotegemea mizigo kama hiyo ya pamba. Mkulima aliiona reli, lakini mzigo uliopita juu yake ulikuwa jasho lake mwenyewe likielekea bandarini.

Kakungulu aliondoka Jinja mwaka 1913. Cheo chake kilibaki bila mtu hadi 1919, alipokipata Ezekieri Wako, Msoga, ambaye baadaye alikuwa Kyabazinga.

Kuikataa serikali

Alirudi Mbale akiwa chifu tu, ufalme ukiwa umebaki ndoto. Wakati huo lilizuka vuguvugu la Bamalaki, lililoongozwa na Malaki Musajjakawa, lililokataa dawa na chanjo kwa msingi wa Biblia. Kakungulu alijiunga nalo. Huduma chache ambazo serikali ilijivunia kuwapa walipa kodi wake, zikiwamo chanjo za watu na mifugo, ndizo alizoanza kuzipinga yule aliyewahi kuwatoza. Mgogoro na maafisa haukuepukika, na mwaka 1917 alihamia Gangama, nje kidogo ya Mbale.

Usomaji wake wa Agano la Kale ulimpeleka mbali zaidi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe na kujitangaza kuwa Myahudi. Jumuiya aliyoianzisha, Abayudaya, ingalipo hadi leo katika vilima vinavyouzunguka mji huo. Alifariki mwezi Novemba 1928 na kuzikwa karibu na mji alioujenga.

Mawakala wa Kiganda waliondolewa taratibu na nafasi zao kuchukuliwa na machifu wenyeji, lakini swali la nani hukadiria kodi na kwa faida ya nani lilibaki. Mwezi Januari 1960, miaka miwili kabla ya uhuru, ghasia zilizuka Bukedi na Bugisu kwa sababu ya makadirio ya kodi. Nyumba za machifu zilichomwa moto, watu waliuawa, na serikali ikaunda tume kuchunguza chanzo chake.