Kaare Klint: Msanifu Aliyeanza na Sahani

Utangulizi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wengi wetu tulijifunza methali hii tungali wadogo kwa ajili ya maana yake ya ndani, tukaisahau ile ya nje. Hali maana hiyo ya nje inatueleza jambo kuhusu nyumba: kitanda si cha kulalia tu, bali uvungu wake ni ghala. Humo husukumwa sanduku la nguo, viatu, hata sufuria za sherehe. Samani na vyombo vimefungamana, ingawa aghalabu anayeunda samani haulizwi vyombo vitakaa wapi. Mwenye nyumba ndiye anayeachiwa kazi ya kuinama.

Makala haya yanasimulia maisha ya Kaare Klint wa Denmaki, mtu aliyekataa kuunda kabati kabla ya kujua litabeba nini. Wanataaluma wa usanifu humtaja kama baba wa samani za kisasa za nchi hiyo. Sisi wa Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kumjua, kwa kuwa mojawapo ya viti vyake mashuhuri kina jina lililotoka katika lugha yetu.

Malezi na mwanzo wa kazi

Klint alizaliwa tarehe 15 Desemba 1888 huko Frederiksberg, mji uliozungukwa na jiji la Copenhagen. Baba yake, Peder Vilhelm Jensen-Klint, alikuwa mhandisi aliyegeuka mchoraji na hatimaye msanifu majengo. Mwana naye alianza kwa kujifunza uchoraji, kisha akaingia katika usanifu chini ya uangalizi wa baba yake na wa Carl Petersen. Kwa hivyo, jicho lake lilifunzwa kuona kabla ya mkono wake kufunzwa kujenga.

Fursa ya kwanza kubwa ilitokana na jumba la makumbusho ya sanaa la mji wa Faaborg, lililosanifiwa na Petersen. Mwaka wa 1914 Klint alibuni kiti cha kutumiwa humo. Alijiuliza mgeni wa makumbusho anahitaji nini. Jawabu lilikuwa kwamba mgeni huyo husimama mbele ya picha, huchoka, na hupenda kuketi papo hapo. Kiti kikawa chepesi, cha kubebwa kutoka picha moja hadi nyingine, na mgongo wake ukasukwa kwa henzirani ili usizuie macho kuona sakafu iliyonakshiwa. Katika kiti hiki tayari tunamwona Klint kamili: anayeanza na mtumiaji na mahali, na kuliacha umbo lifuate.

Kupima nyumba nzima

Miaka michache baadaye, wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, Klint alianza utafiti uliompa sifa yake ya kudumu. Alichunguza vipimo vya mwili wa binadamu na vya vitu ambavyo mwili huo hutumia kila siku. Mwaka wa 1924 alipopewa jukumu la kufundisha katika idara mpya ya samani ya Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Denmaki, aliugeuza utafiti huo kuwa mtaala. Wanafunzi waliokuja wakitarajia kuchora viti vya ajabu walikabidhiwa rula. Walipima sahani, bilauri, vijiko na uma. Walipima mashati yaliyokunjwa na karatasi za kuandikia. Kila kipimo kiliandikwa na kulinganishwa na vingine.

Huenda msomaji akaiona kazi hii kuwa ya kitoto. Hata hivyo, hebu tulitazame kabati la vyombo la kawaida. Rafu zake zikiachana mno, mwenye nyumba atarundika sahani hadi ya chini isifikike bila kuziondoa zote za juu. Droo ikiwa na kina kirefu, vijiko huzama na kuchanganyikana. Kabati likiwa pana kuliko haja, linakula nafasi ya chumba na mbao za bure. Kila kosa katika makosa haya lilifanywa kabla ya seremala kushika msumeno, kwa sababu hakuna aliyeuliza sahani ina upana gani na familia ina sahani ngapi.

Mwaka wa 1929 matokeo ya utafiti huo yalionekana katika kabati la vyombo alilolibuni Klint, likaundwa katika karakana ya Rud. Rasmussen mjini Copenhagen. Kwa nje ni kabati tulivu lisilo na nakshi. Siri yake imo ndani: rafu na droo zimepangwa kwa vipimo vya vyombo vyenyewe, hata kabati dogo kwa umbo likabeba vingi kuliko linavyodhaniwa. Tukumbuke kwamba Le Corbusier alichapisha mfumo wake mashuhuri wa vipimo vya binadamu mwaka wa 1948, zaidi ya miongo mitatu baada ya Klint kuanza kupima.

Njia mbili za usasa

Miaka ya 1920 ilikuwa ya mapinduzi katika usanifu. Nchini Ujerumani, shule ya Bauhaus iliwahimiza wasanifu waachane na mitindo ya kale na kutumia chuma na kioo. Klint hakukubali kwamba ya kale ni ya kutupwa. Kwake yeye, kiti cha Kichina au cha Kiingereza cha karne ya 18 kilikuwa hazina ya majibu yaliyokwisha kujaribiwa na vizazi. Aliwaagiza wanafunzi wake wakipime pia, waelewe kwa nini kimedumu, kisha wakiondolee kilichozidi.

Tofauti hii ilidhihirika katika maonyesho ya kimataifa ya Barcelona ya mwaka wa 1929. Ujerumani ilileta kiti cha chuma na ngozi cha Ludwig Mies van der Rohe na Lilly Reich. Denmaki ilileta kiti chekundu cha Klint cha mwaka wa 1927, chenye asili yake katika viti vya Kiingereza. Viti vyote viwili vikapata jina la Barcelona. Kimoja kilitangaza zama mpya; kingine kiliboresha urithi. Historia imevitunza vyote viwili.

Kiti kilichobeba neno letu

Mwaka wa 1933 Klint alibuni kiti kiitwacho Safari. Kielelezo chake kilikuwa kiti cha kukunja cha maafisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa India, ambacho wasafiri wa Kizungu walikibeba hadi kambi zao za Afrika Mashariki. Kiti hicho hufumuliwa na kuunganishwa tena bila gundi wala parafujo. Vijiti vyake huingiana, turubai huwa kikalio, mikanda ya ngozi huwa mikono, na uzito wa anayeketi ndio unaokaza viungo. Neno safari, lililotoka Kiarabu likaingia Kiswahili, na kutoka Kiswahili likaingia lugha za Ulaya, likafika hadi karakana ya Copenhagen. Ni haki kuongeza kwamba lilisafiri pamoja na ukoloni. Wapagazi wa Kiafrika waliovibeba viti vya namna hiyo vichwani hawatajwi popote katika jina hilo.

Mzigo wa urithi

Baba yake alifariki mwaka wa 1930, huku Kanisa la Grundtvig jijini Copenhagen, lililoanza kujengwa mwaka wa 1921, likiwa halijakamilika. Klint aliichukua kazi hiyo na kuimaliza mwaka wa 1940. Kwa ajili ya waumini alibuni mwaka wa 1936 kiti cha kanisa chenye mahali pa kuweka kitabu cha nyimbo nyuma ya mgongo wake, kwa manufaa ya aliyeketi nyuma. Hata ibadani, kiti kilianza na kitu kidogo kinachoshikwa mkononi.

Klint alifariki tarehe 28 Machi 1954. Kazi zake si nyingi, kwa kuwa aliirudia kila moja hadi aridhike.

Tathmini na hitimisho

Penye sifa pia pana kasoro. Mtu aliyepima sahani za kila siku aliunda samani ambazo watu wa kawaida hawakuweza kuzinunua. Mbao za mahogani na saa nyingi za fundi stadi zilifanya bei ipande. Ukinzani huu haukutatuliwa na yeye, bali na mwanafunzi wake Børge Mogensen, ambaye kuanzia mwaka wa 1942 aliongoza ubunifu wa samani katika chama cha ushirika cha FDB. Kiti chake cha mwaka wa 1947 kiliuzwa kwa bei nafuu na kuenea majumbani. Katika miaka ya 1950, yeye na Grethe Meyer walipima tena vyombo vya nyumbani wakaunda makabati yanayopangika ukutani. Mbegu ya mwalimu iliota katika shamba la mwanafunzi.

Funzo kwetu ni bayana. Anayetunga kamusi, anayeandika kitabu cha shule na anayechonga kabati wana swali moja la kuanzia: chombo hiki kitabeba nini, na kwa ajili ya nani? Klint alilijibu kwa rula, sahani baada ya sahani. Aliyeuliza hivyo mapema humpunguzia mwenziwe haja ya kuinama.