Ahmad Baba: Alimu aliyeporwa vitabu 1,600



Siku moja nilikwenda kutoa pole kwa familia iliyofiwa na mzee wao, mtu aliyesomesha vijana wengi wa mtaa ule. Barazani nikakuta maboksi matatu ya vitabu vyake. Juu yake yamepangwa viatu, na lile la chini limeshaingiwa na mchwa. Hakuna aliyekusudia ubaya, ila ndani ilihitajika nafasi ya wageni. Nilirudi nyumbani nikimkumbuka Sheikh Ahmad Baba wa Timbuktu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sheikh huyu alizaliwa mwaka 1556 katika ukoo wa Aqit, uliotoa makadhi wa Timbuktu kwa vizazi kadhaa. Mji huo, ambao leo uko nchini Mali, ulikuwa chini ya dola ya Songhai. Wengi wetu tumeusikia kwa sababu ya dhahabu na chumvi, lakini vitabu navyo vilikuwa bidhaa yenye faida kubwa, vikivushwa jangwani kwa ngamia kutoka Afrika Kaskazini. Hata karatasi tupu ilitoka mbali, nyingine Ulaya.

Basi kitabu kilitunzwa kama mali. Mara nyingi kurasa hazikushonwa, bali ziliwekwa moja moja ndani ya jalada la ngozi na kufungwa kwa kamba. Tarikh za Songhai zinaeleza kuwa Mfalme Askia Daud alinunua nakala moja ya kamusi kwa mithqali 80 za dhahabu, na mithqali moja ni kama gramu nne na robo. Kamusi nyingine ilinakiliwa Timbuktu katika miaka ya 1570. Mwenye kunakili alilipwa mithqali moja kwa kila juzuu, na msahihishaji aliyelinganisha nakala na asili yake akalipwa nusu mithqali. Watu wale walijua kuwa kitabu chenye makosa kinapoteza watu, ndio maana wakalipia usahihi.

Mwalimu mkubwa wa Ahmad Baba alikuwa Sheikh Muhammad Baghayogho. Mwanafunzi wake anatusimulia katika maandishi yake kwamba mzee huyu alivipenda vitabu na kuvitafuta kwa bidii, lakini aliviazimisha kwa yeyote aliyebisha hodi, hata mtu asiyemfahamu, na hata kitabu adimu. Vingi havikurudi, naye hakuvidai. Hapa tunapata somo la kwanza, kwamba mkusanyaji wa kweli anakusanya ili watu wasome.

Mwaka 1591 jeshi la Sultan Ahmad al-Mansur wa Morocco liliivunja dola ya Songhai. Miaka miwili baadaye maulamaa wa Timbuktu walikamatwa, nyumba zao zikaporwa, na mwaka 1594 wakapelekwa Marrakesh kwa minyororo. Njiani Ahmad Baba alianguka kutoka kwenye ngamia, akavunjika mguu.

Alipofikishwa mbele ya Sultan hakunyenyekea. Alipinga Sultan kuzungumza naye kutoka nyuma ya pazia, kisha akamuuliza kwa haki gani nyumba yake imeporwa. Akamweleza kuwa amepoteza vitabu 1,600, na kwamba katika jamaa zake yeye ndiye aliyekuwa na vitabu vichache zaidi! Hebu tafakari, ikiwa mwenye vichache alikuwa na idadi hiyo, ukoo mzima ulipoteza kiasi gani?

Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye, alipotolewa kizuizini, alisomesha msikitini Marrakesh, na mwaka 1596 akakamilisha Nayl al-Ibtihaj, kitabu cha wasifu wa mamia ya maulamaa wa madhehebu ya Maliki. Miongoni mwao ni mwalimu wake Baghayogho. Leo tunaujua ukarimu wa mzee yule kwa kuwa mwanafunzi wake, akiwa ugenini na bila maktaba yake, aliuandika.

Al-Mansur alifariki mwaka 1603. Mwanawe Zaydan akamruhusu Sheikh kurudi kwao, akafika karibu mwaka 1608 na kuendelea kusomesha hadi alipofariki mwaka 1627. Ajabu ni kwamba mwaka 1612 Zaydan mwenyewe, akikimbia vita, alipakia maktaba yake katika meli ya Kifaransa. Nahodha akaondoka nayo, Wahispania wakaiteka, na maelfu ya vitabu vya Masultani wa Morocco yakaishia katika jumba la El Escorial. Ukoo uliopora vitabu vya watu ukaporwa vyake.

Mwaka 1973 Serikali ya Mali ilianzisha mjini Timbuktu taasisi ya hati za kale iliyopewa jina la Ahmad Baba. Januari 2013 watu wenye silaha, waliojinasibu na Uislamu, waliteketeza hati takriban 4,200 hapo. Nyingi zaidi zilisalimika kwa sababu watunzaji na familia za mji huo walikuwa wameshaanza kuzificha katika masanduku ya bati na kuzisafirisha hadi Bamako. Mwaka 2025 baadhi zilianza kurudishwa.

Ndugu msomaji, watu wa Timbuktu walivinusuru vitabu vyao na jeshi na moto. Sisi hatujavamiwa na mtu, bali vyetu vinaliwa na mchwa barazani. Mwenye vitabu na aandike orodha angali hai, na aiambie familia vipi ni waqfu na vinakwenda msikiti au madrasa gani. Aliyeazima na arudishe, kwani ukarimu wa Baghayogho haukumhalalishia mtu kukaa na kitabu chake. Na tukienda kutoa pole nyumbani kwa mwalimu, baada ya dua tuulize kwa adabu vitabu vyake viko wapi.

Mimi siku ile sikuuliza. Nilivaa viatu vyangu, nikaondoka.