Burton alipita Tabora bila kipimo, wewe unacho

Msomaji, kama unaishi Kanyenye au umewahi kutembea Tabora mjini, uko katika njia ya zamani ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Mmoja wa waliopita njia hiyo ni Richard Burton, Mwingereza aliyejulikana kwa safari zake na kwa kujua lugha nyingi. Wiki hii nakusimulia maisha yake, kwa sababu yana funzo kuhusu kaswende.

Burton alizaliwa mwaka 1821 huko Torquay, Uingereza. Akiwa na miaka 21 alikwenda India kuwa ofisa wa jeshi. Mwaka 1853 alifika Makka kama hujaji, akiwa amebadili jina na mavazi. Aprili 1855 kambi yake ilishambuliwa Berbera, pwani ya Wasomali, na mkuki ukaingia shavu moja ukatokea la pili. Waandishi wa maisha yake wanaeleza kuwa daktari wa Aden aliyemwangalia aliandika pia kwamba alikuwa ametoka kuugua kaswende ya hatua ya pili. Alikuwa na miaka 34.

Jeraha la mkuki lilibaki usoni na kila mtu aliliona. Kaswende haiko hivyo. Huanza na kidonda kisichouma, ambacho hupona chenyewe baada ya wiki chache. Baadaye huja vipele, mara nyingine hadi viganjani na kwenye nyayo, pamoja na homa na tezi kuvimba. Navyo huisha bila dawa. Kisha ugonjwa hukaa kimya, pengine miaka mingi, na kwa baadhi ya watu huishia kuharibu moyo, ubongo au macho.

Novemba 1857 Burton na mwenzake John Speke walifika Kazeh, kituo cha wafanyabiashara ambacho leo ni Tabora. Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu, aliwapokea na kuwatunza, kwani homa za njiani zilikuwa zimewadhoofisha. Februari 1858 walifika Ujiji na kuliona Ziwa Tanganyika. Burton alimwoa Isabel mwaka 1861, hawakupata mtoto. Alifariki Trieste Oktoba 1890, akiwa na miaka 69.

Miaka yote hiyo hakuwa na njia ya kujua kama kaswende imemtoka mwilini. Wagonjwa wa zama zake walipewa zebaki, ambayo ni sumu. Vimelea vya kaswende vilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1905, kipimo cha damu kikapatikana 1906, na penisilini ikaanza kutibu kaswende mwaka 1943.

Wewe kijana huna sababu ya kuishi kwa kubahatisha. Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu la kidoleni, na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Ukikutwa na kaswende ya mwanzoni, sindano moja ya penisilini kwa kawaida inatosha. Iliyokaa muda mrefu huhitaji zaidi. Mwambie mhudumu kama dawa hiyo imewahi kukudhuru. Mwenzi wako naye apimwe na kutibiwa, la sivyo mtaambukizana tena.

Zingatia mambo matatu. Kwanza, kupona kidonda si kupona ugonjwa, kwa hiyo usinunue vidonge dukani ukaridhika. Pili, ukipima mapema mno kipimo kinaweza kisione kitu. Rudia kama mhudumu atakavyokuelekeza. Tatu, kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha kaswende hata baada ya kupona, hivyo tunza kumbukumbu za matibabu yako.

Kama mnatarajia mtoto, nendeni kliniki mapema, wote wawili. Kaswende isiyotibiwa huweza kuharibu mimba, kusababisha mtoto kuzaliwa mfu au kuzaliwa na ugonjwa. Mama akitibiwa mapema, mtoto huokoka.

Ukiona aibu kwenda kituo cha mtaani kwenu, nenda cha mtaa mwingine. Mhudumu hutakiwa kutunza siri yako. Kapime wiki hii, ukiwa na dalili au huna.